Vita vya Gunvor na Povu, Ijumaa Uliyofuliwa Mfarishi wa Viraka

Kitendawili! Itikieni, nitege. Ana mlango kifuani wala hana miguu. Hula shuka, hula soksi, hula aproni na suruali za kazi, na hashibi. Na akicheua, atoacho ni safi kuliko alichokula. Nani huyo?

Msinitazame usoni, jibu halimo humo. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Na mkinipa, nautaka Borås, mji wa wafuma nguo kule Uswidi, wenye mvua isiyobisha hodi na viwanda vilivyonyamaza zamani. Haya, nimeupokea, nimekwenda, nimekula viazi vyao na samaki wao wa siki, nimerudi na jibu: huyo mla nguo ni mashine ya kufulia, nayo imekaa chini kabisa ya jengo la ghorofa tatu, kwenye chumba kimoja wanachofulia wapangaji wote. Na humo ndimo vilimopiganwa vita hivi.

Sogeeni basi, enyi mliofua kwa mikono hadi ngozi ikachubuka, nanyi ambao tangu kuzaliwa hamjafua hata leso. Acheni kutafuna. Nawasimulia habari za Gunvor binti Hillevi, mpanga barua mstaafu wa posta, mjane wa miaka sabini na minne, mshuka ngazi thelathini na sita akiwa na kapu kiunoni, mwenye magoti mawili yasiyopatana, la kushoto likitaka kwenda na la kulia likitaka kukaa. Nawasimulia jinsi alivyotoka kwenda kutafuta sabuni, akaipata, na karibu imshinde.

Gunvor alikuwa na mfarishi mmoja wa viraka. Mama yake Hillevi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufuma, na kila jioni alirudi na vipande vya nguo vilivyotupwa chini ya mashine: kipande cha pazia, kipande cha shati, kipande cha shela ya bibi harusi asiyejulikana. Akavishona, akavijaza pamba, na katikati akaweka kiraka chekundu cha gauni alilovaa Gunvor siku ya kwanza ya shule. Chini ya mfarishi huo Gunvor aliugua surua, akazaa binti, akamlilia mume. Na mjukuu wake Tuva alipojifungua mtoto wa kiume, Gunvor aliufua mfarishi, akaupeleka, akarudi nyumbani akiimba ndani ya basi, jambo ambalo huko kwao halifanyiki.

Hata ilipowadia Jumanne moja ya mwezi wa Machi, Tuva akapanda zile ngazi thelathini na sita, mtoto kifuani, mfuko mkubwa mkononi. Na ndani ya mfuko mlikuwa na mfarishi.

"Bibi, usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Keti, kahawa ipo."

"Huu mfarishi unanukia mno. Juzi tu ndiyo tumeanza kumlaza Alve juu yake. Hebu muone shavu."

Gunvor akavaa miwani, akainama. Shavu la Alve, mwenye miezi minne duniani na asiye na ugomvi na mtu, lilikuwa limejaa vipele vyekundu kama ramani ya visiwa.

"Meno hayo," akasema Gunvor.

"Si meno, bibi. Nesi kamuona. Kauliza umefuliwa na sabuni gani."

"Sabuni ile ile niliyomfulia mama yako nepi zake! Alitoka vipele mama yako?"

"Mama hadi leo anajikuna, bibi."

Gunvor akachukua kikombe, akanywa.

"Lakini hatuutupi," Tuva akaharakisha kusema. "Mume wangu Melker anasema tuutundike ukutani, juu ya kochi. Utapendeza kweli. Misumari keshanunua."

Ukutani! Neno hilo lilimwingia Gunvor kama mkuki, na mkuki ukakaa. Akasimama, goti la kushoto kwanza na la kulia baadaye, akanena kwa sauti aliyokuwa akiitumia posta kwa wateja wanaosahau kubandika stempu:

"Sikia wewe, mtoto wa binti yangu! Mfarishi huu umetapikiwa, umekojolewa, umemwagiwa supu ya njegere, umetapikiwa tena, na haujapigwa msumari hata mmoja. Mama yangu hakushona picha. Nitaufua upya, kwa sabuni nyingine, na Jumapili nauleta, mtoto alale juu yake. Kisha utanijibu: ukutani au kitandani?"

"Tutaona, bibi."

"Sikuuliza kama tutaona. Ukutani au kitandani?"

"Kahawa yako inapoa," akasema Tuva, akambusu, akaondoka. Na lile swali likabaki mezani, kati ya vikombe viwili, likimtazama Gunvor usiku na mchana.

Kesho yake shujaa akajifunga shali, akatwaa miwani miwili, ya mbali na ya karibu, akaenda kwenye duka la chakula la pembeni mwa mtaa, kwenye ile njia ya sabuni ambayo kwa miaka arobaini alikuwa akiipita mbio, mkono ukijua wenyewe pa kwenda. Safari hii alisimama. Na mbele yake jeshi lote likasimama likimtazama, safu juu ya safu, masanduku na machupa, yamevaa rangi za vita.

Mbele ya wote alisimama mshirika wake wa zamani, sabuni ya unga ya nguo nyeupe, sanduku kubwa lenye picha ya mlima. Gunvor akalisoma mgongoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Lilisema lina dawa ya kung'arisha weupe. Lilisema lina manukato. Hapo akaelewa kwa nini viraka vya buluu vya mama yake vilikuwa vimegeuka mwaka hata mwaka kuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, naye alidhani ni uzee, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akipauka pia.

"Na hukuniambia," akaliambia sanduku.

Akamwendea wa pili, sabuni ya maji ya zambarau ndani ya chupa yenye kiuno. Akafungua kizibo, akanusa, akapiga chafya tatu, na mtu aliyekuwa kwenye njia ya biskuti akamwombea afya. Akamwendea wa tatu, vidonge vinavyong'aa kama peremende. Hao wakamshinda, kwa kuwa kidonge hakikatwi nusu. Wa nne alikuwa sabuni ya sufu, mpole, ila hakuwa na habari na pamba.

Alipokuwa hapo, miwani ya karibu puani na ya mbali utosini, nani akatokea? Sixten, jirani wa ghorofa ya kwanza, mlinzi wa sheria za chumba cha kufulia ambaye hakuna aliyempa kazi hiyo, mwandishi wa vikaratasi. Kila mpangaji alikuwa amepata kikaratasi chake walau mara moja. CHUJIO LA NYUZI HALIJISAFISHI. SOKSI HII INA MWENYEWE? SAA SABA MAANA YAKE SAA SABA. Na chini yake kila mara: Jirani yako. Lakini shuka za mtu huyo! Zilipoanikwa, wanawake wa jengo zima walipita wakijifanya wanatafuta paka ili wazishike. Laini, nyeupe, zisizo na harufu yoyote. Na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyejua anafulia nini, maana sabuni yake huiweka ndani ya kopo la kahawa.

"Sixten."

"Gunvor."

"Umenunua nini?"

"Kabichi."

"Na chini ya kabichi?"

"Kabichi nyingine."

"Kabichi yenye pembe nne?"

Sixten akakivuta kikapu kifuani. "Jirani, mtu na kikapu chake."

"Basi niambie tu unafulia nini, nina shida ya kweli."

"Nafulia maji," akasema Sixten, "na mashine." Akaenda zake, mgongo umenyooka kama ufagio.

Akabaki Gunvor peke yake. Na hapo, chini kabisa, kwenye rafu ya mwisho karibu na sakafu, wanapowekwa wale wasio na watetezi, akaona sanduku dogo jeupe lisilo na mlima wala ua. Maandishi yake yalikuwa madogo. Ili kuyasoma ilibidi kupiga magoti.

Enyi mlio na magoti mazima, hamjui alichofanya mama huyu! La kushoto likakubali. La kulia likakataa, likatetemeka, likasema kwa mlio wa mlango mbovu kwamba halishuki. Naye akaliamuru kwa jina la mama yake, likashuka. Akasoma: haina manukato. Haina dawa ya kung'arisha. Kwa nguo za rangi, kwa nguo za kila siku, kwa ngozi inayodhurika upesi. Gunvor akalishika sanduku kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni. Akajivuta kwa rafu hadi akasimama, akamgeukia yule wa mlima, akamtolea hotuba ya kumuaga:

"Umenitumikia miaka arobaini na sikukudharau. Shuka nyeupe nakuachia, na vitambaa vya jikoni nakuachia, huko utawale. Lakini mfarishi, na blauzi zangu, na nguo zote za kila siku, kuanzia leo si milki yako."

Mwanamke wa biskuti akasema, "Samahani, unaongea na mimi?"

"La, mama," akasema Gunvor. "Wewe endelea."

Ijumaa ikafika, nayo ndiyo siku yenyewe. Ni lazima mjue sheria ya pale. Mlangoni mwa chumba cha kufulia pana ubao wenye matundu, na kila nyumba ina kikufuli chake chenye namba. Ukitaka kufua, unakichomeka kikufuli chako kwenye tundu la siku na saa, na saa hizo ni zako, hata mfalme hakuondoi. Zikiisha, zimeisha. Mtu anaweza kusamehewa talaka, anaweza kusamehewa siasa zake, lakini kula saa ya mwenzake kwenye chumba cha kufulia, hilo litasemwa kwenye mazishi yake. Kikufuli cha Gunvor kilikaa saa nne hadi saa saba mchana. Na cha saa saba hadi saa kumi, mbona mnanitazama hivyo, kilikuwa cha Sixten.

Saa nne kamili Gunvor akaingia uwanjani. Nguo za kila siku akazitia kwenye mashine ndogo, mfarishi akautia kwenye mashine kubwa peke yake, kama malkia chumbani. Akafungua sanduku jeupe. Na hapa, ndugu zangu, ndipo mkono ulipomsaliti. Macho yalikuwa yamejifunza sabuni mpya. Moyo ulikuwa umejifunza. Lakini mkono ulikuwa wa miaka arobaini. Ukachota kikombe kilichojaa hadi kikafanya kilima. Ukamwaga. Na kwa kuwa mfarishi ni mnene, ukamwongezea malkia kikombe cha pili.

Nusu saa ya kwanza kulikuwa na amani. Nusu saa ya pili kioo cha mlango kikawa cheupe. Povu likapanda, povu likajaa, povu likatafuta njia pale juu panapowekwa sabuni, likachungulia, likashuka ukutani taratibu kama mgeni anayejua amekuja kukaa. Gunvor akabonyeza kusuza. Mashine ikasuza. Povu likabaki. Akabonyeza tena. Povu likapungua hadi nusu ya kioo, likasimama hapo. Nguo za kila siku nazo zilitoka zikiteleza kama samaki, akazisuza tena, zikakubali, kwa kuwa nguo nyepesi hutubu upesi. Lakini mfarishi! Pamba ya Hillevi ilikuwa imekunywa sabuni miaka yote ile, na sasa imekunywa nyingine juu yake. Akiutoa hivi, sabuni itakauka ndani, mtoto atalala, shavu litatoka visiwa, na Melker atachukua nyundo.

Saa ya ukutani ikasema saa saba kasoro dakika mbili.

Saa saba kamili mlango ukafunguka, akaingia Sixten na kapu lake, kopo la kahawa juu yake. Akaitazama saa. Akaitazama mashine inayozunguka. Akamtazama Gunvor. Rangi ikamtoka.

"Gunvor. Ni saa saba."

"Najua."

"Saa saba maana yake saa saba."

"Nimesoma, Sixten. Nimesoma miaka ishirini na miwili. Andika kikaratasi, andika kirefu, kibandike hata kwenye mlango wa mbele, nami nitatia sahihi kwamba ni kweli. Lakini mashine hii sizimi. Nisipousuza huu mfarishi ukatakata, wanaupigilia misumari ukutani."

"Nani?"

"Damu yangu mwenyewe!" Na hapo sauti ya posta ikamkatika, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akamsimulia yote: shavu, nesi, misumari, sanduku la mlima, magoti. Sixten akasikiliza akiwa amesimama, kapu mkononi, kama askari aliyesahauliwa kwenye lindo. Kisha akainama kwenye kioo.

"Umetia kiasi gani?"

"Kikombe."

"Gunvor."

"Viwili."

"Vimejaa?"

"Vina vilima."

Sixten akafumba macho kama mtu aliyeambiwa habari za ajali. Akaweka kapu chini, akafungua kopo la kahawa. Enyi wanawake wa jengo lile mliojifanya mnatafuta paka, laiti mngekuwapo! Gunvor akachungulia. Unga mweupe usio na harufu. Ule ule. Sabuni ile ile ya sanduku dogo aliyoipigia magoti.

"Kabichi yako," akasema Gunvor.

"Kabichi yangu," akasema Sixten. Akatoa ndani ya kopo kijiko kidogo cha kahawa, chenye mpini uliopinda. "Maji ya mji huu ni laini, bibie. Yale yaliyoandikwa kwenye sanduku yameandikiwa watu wenye maji magumu. Hapa unatia hiki. Kimoja. Kwa mfarishi, kimoja na nusu, na unasuza mara mbili. Mke wangu alinifundisha. Akaniambia nisimwambie mtu, maana alikuwa anafurahi mnavyoshika shuka zetu."

"Tulikuwa tunatafuta paka."

"Jengo hili halina paka, Gunvor. Halijawahi kuwa na paka."

Mashine ikaendelea kuzunguka. Kisha Sixten akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika jengo lile tangu lilipotiwa paa. Akatoka mlangoni, akasimama mbele ya ubao, akachomoa kikufuli chake kwenye tundu la Ijumaa, akakishika kidogo mkononi kama mtu anayepima uzito wa jino lake lililong'oka, akakichomeka Jumatatu.

"Suza," akasema. "Suza hadi kioo kionyeshe maji, si povu. Na kijiko chukua, vingine ninavyo."

"Sixten, hadi Jumatatu una shuka za kulalia?"

"Nitageuza hizi chafu upande wa pili."

Alisuza mara tatu tena, Gunvor binti Hillevi, mpaka maji yakapita ndani ya mfarishi na kutoka kama yalivyoingia. Wakaubeba wawili, yeye pembe mbili na Sixten pembe mbili, wakaupeleka chumba cha kukaushia, ukaning'inia hapo chini ya upepo wa moto hadi Jumamosi jioni. Na ulipokauka akauzika uso wake humo, akavuta pumzi. Haukunukia mlima. Haukunukia ua. Ulinukia kitu ambacho hakukikumbuka jina, akakaa kitandani akikitafuta, kisha akakipata: ulinukia nguo.

Jumapili akaingia kwa Tuva. Nyundo ilikuwa dirishani, na misumari minne ndani ya kikombe cha yai. Gunvor hakuitazama, kama shujaa asivyomtazama adui kabla ya ngoma. Akautandaza mfarishi kwenye kitanda cha wakubwa, Alve akalazwa juu yake kifudifudi, shavu lililopona juu ya kiraka chekundu, akapiga mateke mawili, akalala. Wakubwa wakanywa kahawa. Wakala keki, ya pili wakaila kwa hofu tu. Saa nzima ikapita, ikapita na nusu yake.

Alve akaamka. Wakamwinamia watatu, Melker akiwa na taa ya simu. Shavu la kulia: hakuna. La kushoto: hakuna. Shingo, masikio, mikunjo yote ya mtoto aliyenona: hakuna. Iandikwe basi, kwa wino usiofutika, kwamba mwezi wa Machi, kwenye kitanda cha ghorofa ya pili, sabuni ilishindwa na aliyeisuza hadi mwisho, na visiwa vyote vikarudi baharini. Hakuna tarumbeta iliyopigwa. Lakini magoti mawili ya Gunvor, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, yalikubaliana.

Naye Alve akainua kichwa, akamtazama bibi wa mama yake kwa upendo mkubwa, akatapika maziwa yote juu ya kiraka chekundu.

Maziwa yakapenya polepole ndani ya pamba ya Hillevi. Melker akatazama dirishani penye nyundo. Gunvor akatia tena mkono mfukoni, akakikamata kile kijiko chenye mpini uliopinda, akauliza kwa sauti ndogo, isiyo ya posta:

"Haya, Tuva. Ukutani au kitandani?"

Tuva akayapangusa maziwa kwa kiganja, akakipangusa kiganja kwenye suruali yake, akaanza kucheka.

"Kitandani, bibi. Ila hicho unachokishika mfukoni tangu uingie, uniachie."